Kipandikizi cha Gego la Juu: Kukaza kwa Leo, Kushika kwa Kesho



Mgonjwa aliyewekewa kipandikizi cha jino huuliza jambo moja kabla hajainuka kitini: "Daktari, kimekaza?" Ana haki ya kuuliza. Ila jibu hutegemea mno mahali kilipowekwa. Upande wa kidevu mfupa ni mgumu, na skrubu ya titani hung'ang'ania tangu dakika ya kwanza. Nyuma ya taya la juu, kwenye magego, mambo ni mengine.

Mwaka 1985 Ulf Lekholm na George Zarb waliugawa mfupa wa taya katika madaraja 4. La nne ndilo dhaifu kuliko yote: ganda jembamba lililofunika mfupa laini wenye vitundu kama sponji. Huko nyuma juu ndiko daraja hilo linakoonekana zaidi. Tena mfupa huo umepakana na chemba ya hewa, ile ambayo wengi wanaijua kwa jina la sainasi. Gego likishang'olewa, mfupa uliolishika huliwa kutoka chini, na sainasi nayo hutanuka ikishuka. Pengo likikaa miaka, waweza kukuta mfupa umebaki milimita 3 au 4, ilhali kipandikizi cha kawaida kina urefu wa milimita 10 hivi. Na hapo ndipo tunapotafunia kwa nguvu! Mwaka 1991 Jaffin na Berman waliripoti kwamba katika daraja la nne walipoteza asilimia 35 ya vipandikizi. Nyuso za titani zilizokwaruzwa zimeipunguza sana hasara hiyo tangu wakati huo. Mfupa wenyewe umebaki ule ule.

Kukaza kwa siku ya upasuaji ni kazi ya skrubu na tundu lake, basi. Kushika kwa kweli huja baadaye, mfupa mpya unapoota na kuigandamia titani, jambo ambalo Per-Ingvar Brånemark alianza kuliona kwa sungura huko Lund, Uswidi, mwaka 1952. Alipoanza kutibu watu, mwaka 1965, desturi yake ilikuja kuwa kusubiri miezi 3 kwa taya la chini na 6 kwa la juu kabla ya kukitwika kipandikizi jino. Katikati ya kukaza huko na kushika huku kuna bonde. Mfupa wa zamani ulioibana skrubu huvunjwa na mwili kabla ule mpya haujakomaa, hivyo kipandikizi hulegea kidogo, hasa wiki ya tatu au ya nne. Kilichokaza sana jana si lazima kiwe salama mwezi ujao.

Tangu miaka ya 1990, kutokana na kazi ya Neil Meredith, tunaweza kupima uimara kwa mtetemo, kwa kipimo cha 1 hadi 100. Mimi sivutiwi na namba ya siku moja. Kipandikizi kilichoanza na 62 kikabaki hapo hunipa usingizi kuliko kilichoanza na 75 kikaporomoka hadi 58.

Mbinu za kukaza katika mfupa laini zipo. Tunatoboa tundu jembamba kuliko skrubu. Au, kama Summers alivyoeleza mwaka 1994, tunausukuma mfupa pembeni kwa vyuma badala ya kuukwangua. Mfupa ukiwa mfupi mno, tunainua utando wa sainasi na kujaza mfupa chini yake, njia iliyochapishwa na Boyne na James mwaka 1980. Wanafunzi, zingatieni: kile kijazo hakikazi chochote siku hiyo. Kinachoshika ni zile milimita chache za asili, na zikiwa haba mno, jazeni kwanza, mkapandikize miezi kadhaa baadaye.

Wapo wasiotaka kusubiri, wanaotaka meno kamili kabla ya harusi ya Jumamosi. Hao tunawapa meno ya bandia ya kuvaa na kuvua, na upande wa ndani tunayachimba yasikiguse kipandikizi.