Tusilipe Nauli ya Takataka

Maneno ya Kamati ya Fedha katika mkutano mkuu wa mwaka wa wana-Usangi tunaoishi Dar es Salaam

 

Taarifa ya mapato na matumizi mnayo mkononi, kwa hiyo hatutaisoma yote. Tumeomba dakika chache tuzungumzie mstari mmoja tu wa matumizi, ule ulioandikwa "Usafirishaji wa misaada ya vifaa, shilingi 1,900,000". Malipo hayo tuliyaidhinisha sisi wenyewe, risiti ipo na hakuna senti iliyopotea. Hata hivyo, ndiyo malipo yaliyotunyima usingizi kuliko yote ya mwaka huu.

Mnakumbuka Desemba. Tuliombana kila nyumba itoe vitu isivyovitumia ili visaidie shule na zahanati. Watu wanatutania kwamba Mpare hatupi kitu, na siku ile tulithibitisha. Zilikuja kompyuta 22, televisheni za chogo, friji, printa, magodoro, viti vya ofisi na betri za gari. Tulipakia lori, tukapiga picha, na kwenye daftari tukaandika: mali iliyotolewa msaada.

Mwezi Januari wawili wetu walipanda nyumbani kwa msiba, wakapita shuleni kusalimia. Mwalimu aliwapa chai, akashukuru kwa heshima zote, kisha akawafungulia stoo. Kati ya kompyuta 22, zilizowaka ni 5. Friji halikugandisha. Magodoro mengi yalikuwa yamebonyea hata mwanafunzi hawezi kulalia. Stoo ile zamani iliwekwa mahindi ya chakula cha wanafunzi. Sasa mahindi yalikuwa yamerundikwa ofisini kwa walimu. Mwalimu hakulalamika. Aliuliza swali moja tu: "Wazee wangu, hizi zisizofaa tuzitupe wapi?"

Hatukuwa na jibu, na hapo ndipo tulipoona aibu. Nyuma ya stoo betri moja ilikuwa tayari imepasuliwa, mtu kachukua risasi iliyomo ndani, maji yake yamemwagika kwenye majani. Kila aliyekulia kule anajua mteremko ule unaelekea wapi. Unashuka kwenye mfereji, na mfereji unaingia kwenye ndiva. Ndiva waliichimba mababu zetu, na kila mwaka watu hutoka msaragambo kuzibua mifereji na kutoa tope ili migomba, maharage na mboga vipate maji. Kule hakuna gari la taka. Kinachotupwa juu, mvua hukishusha.

Si kila kitu kibovu ni cha hatari. Kiti kilichovunjika mguu ni kuni au kazi ya seremala. Lakini betri ya gari, na baadhi ya betri za sola, zina madini ya risasi na tindikali, na risasi ikiingia mwilini mwa mtoto huathiri ubongo wake, hata ikiwa kidogo. Kioo cha televisheni ya chogo nacho kina risasi. Taa za mirija mirefu zisizo za LED zina zebaki. Nyaya zikichomwa ili kupata shaba, na magodoro ya sponji yakichomwa ili kuyaondoa, moshi wake ni sumu kwa anayechoma na kwa jirani. Vitu hivi havifai kufukiwa shambani wala kuchomwa, na hizo ndizo njia mbili tu walizonazo ndugu zetu kule juu.

Sisi Waafrika tumelalamika miaka mingi kwamba nchi tajiri zinatuletea uchafu wao. Mwaka 1991 nchi za Afrika zilikutana Bamako, Mali, zikapitisha mkataba wa kupiga marufuku kuingiza taka za hatari barani mwetu. Sasa tujiulize: meli ikileta kompyuta mbovu bandarini tunasema ni dharau. Lori letu likizipandisha mlimani, tena kwa nyimbo na picha, tuliite nini?

Katika uhasibu tunafundishwa kutofautisha mali na deni. Mali hukuletea faida. Deni hukudai. Sisi tulipakia madeni tukayaandika kuwa mali. Kwa makadirio yetu, robo tatu ya mzigo ule haikufaa, maana yake karibu shilingi 1,425,000 za nauli zilibeba takataka. Na zaidi ya nauli, tumewaachia wenzetu gharama ya kuziondoa, na hiyo haimo kwenye taarifa mnayoishika.

Mwezi wa nne tulifanya jaribio dogo. Nyumba saba za wanachama zilikubali kusafisha stoo kwa utaratibu mpya. Vilivyo vizima vilitengwa. Vinavyotengenezeka vilikwenda kwa fundi kwanza. Mabati, vitanda vya chuma, sufuria na mota za feni tuliwauzia wanunuzi wa vyuma chakavu kwa kupima mizani mbele yetu, siyo kwa kukadiria kwa macho. Chupa za plastiki na maboksi tuliviuza kwa kilo. Betri hatukuziuza mlangoni kwa mpita njia, bali tulizipeleka kwa mkusanyaji mwenye kibali cha taka hatarishi, kwa kuwa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka hivyo. Vibali hivyo viko chini ya usimamizi wa mamlaka za mazingira za serikali, na mtu yeyote anaweza kwenda kuwauliza.

Baada ya yote, kilichobaki kwenda dampo la Pugu Kinyamwezi kilikuwa mifuko michache. Na kwenye mfuko wa chama ziliingia shilingi 386,000, pesa taslimu, bila kukodi lori. Hizo ni saruji ya kuanzia ukarabati wa ndiva, kazi ambayo ndiyo lengo la harambee yetu ya mwaka huu.

Kwa hiyo Kamati inaomba mkutano ukubali mambo manne.

Kwanza, hakuna kitu kitakachopanda gari la chama bila kujaribiwa hapa Dar. Cha umeme kiwashwe mbele ya watu wawili. Godoro liwe lile ambalo mtoaji mwenyewe angemlaza mgeni wake.

Pili, tusipeleke kitu ambacho hakikuombwa. Shule na zahanati ziandike mahitaji yao, nasi tutafute kulingana na orodha hiyo. Zahanati ilihitaji mashuka. Tuliipelekea printa isiyo na wino.

Tatu, mwanachama anayesafisha nyumba yake, au anayehama, aite vijana wetu wamsaidie kuchambua. Fedha itakayopatikana iingie kwenye akaunti kwa jina lake kama mchango, naye apewe stakabadhi. Hapa tuseme ukweli: kuna wenzetu wanaoona aibu kuja kwenye harambee kwa sababu mfuko umekauka. Feni mbovu na kitanda cha chuma kilichokaa uani miaka mitatu ni mchango. Leteni.

Nne, na hili ndilo deni letu: gari litakalopandisha saruji lisirudi tupu. Lirudi na zile kompyuta 17, televisheni za chogo, na betri zote tulizopeleka. Likiwa na nafasi, lichukue pia betri za sola zilizokufa majumbani, maana sola sasa ni nyingi kule, na betri zake zikifa hazina pa kwenda. Mpaka siku hiyo tumemwomba mwalimu aziweke juu ya mbao, mahali pasiponyeshewa, watoto wasizifikie.

Tunajua wako watakaosema Kamati inakatisha tamaa watu wenye moyo wa kutoa. Hapana. Moyo ule wa Desemba tunauhitaji, nasi tulikuwa wa kwanza kupakia. Lakini ndugu yako hawezi kukuambia zawadi yako ni mbovu. Atakushukuru, atakupa chai, atahamisha mahindi yake. Ni juu yetu sisi tunaotoa kuwa wakali kwa niaba yake.

Ndugu zangu, karatasi za ahadi ziko mezani kwa mweka hazina. Upande mmoja andika fedha utakayotoa kwa ajili ya ndiva. Upande wa pili andika vitu ulivyonavyo nyumbani, vizima kwa vibovu, na siku ambayo vijana wanaweza kuja. Sisi wa mjini huwa tunakosa siku ya msaragambo kwa sababu ya umbali. Mwaka huu tuanzie stoo zetu wenyewe.