Beti ya Askari: Matumizi na Utunzaji wa Mikoba ya Risasi ya Ngozi katika Maigizo ya Historia

Hotuba kwa vikundi vya sanaa, walimu wa historia na mafundi wa ngozi



Neno beti halihusu mashairi peke yake. Katika Kiswahili cha zamani ni pia kifuko cha ngozi ambamo mpiga bunduki alitia risasi na fataki zake. Maana hiyo imekaribia kusahauliwa kwa sababu chombo chenyewe kimetoweka viunoni mwa askari. Inastahili kurudi sasa, kwa kuwa chombo hicho kinarudi kupitia maigizo ya historia.

Huko Marekani, Uingereza na Ujerumani wako watu wengi wanaotumia siku zao za mapumziko kuvaa sare za vita vya kale na kuonyesha uwanjani jinsi askari alivyotembea, alivyokula na alivyopigana. Tanzania nayo ina habari zake za kuonyesha: vita vya 1914 hadi 1918 vilipita Tanga, Longido, Kondoa, bonde la Rufiji na Mahiwa. Kikundi kinachotaka kuigiza habari hizo hupata sare kwa fundi cherehani na bunduki ya mbao kwa seremala. Tatizo huwa kwenye beti. Iliyo mpya hushonwa na mtu asiyejua ilifanya kazi gani. Iliyo ya zamani hutolewa katika sanduku la babu, ikafungwa kiunoni mwa kijana, na yale iliyoyastahimili kwa miaka mia moja ikashindwa kuyastahimili kwa alasiri moja.

Mfano ulio rahisi kueleweka ni beti ya askari wa miguu wa Marekani katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865. Ilikuwa kisanduku cha ngozi nyeusi kilichobeba risasi 40. Risasi hizo hazikuwa na maganda ya shaba: kila moja ilikuwa karatasi iliyoviringishwa, ndani yake baruti na kichwa cha risasi. Askari aliirarua karatasi kwa meno, akaimimina baruti mtutuni, kisha akashindilia. Ndani ya kisanduku mlikaa makopo mawili ya bati yenye vyumba. Juu risasi zilizo tayari kuchomolewa, chini pakiti ambazo hazijafunguliwa. Vifuniko vilikuwa viwili, cha ndani chepesi na cha nje kizito kilichoshuka mpaka chini na kufungwa kwa kishikizo cha shaba. Kwenye mshipi, upande wa kulia wa bizimu, kilikaa kifuko kidogo cha fataki, na mdomoni mwake ulishonwa ukanda wa ngozi ya kondoo wenye manyoya ili fataki zisimwagike vidole vinapoingia.

Ukiondoa bamba la shaba lenye herufi za taifa, karibu kila kipande kina kazi yake. Kifuniko kizito kinazuia mvua, na zaidi ya mvua kinazuia cheche. Baruti nyeusi huhitaji cheche moja tu, na katika mstari wa askari waliosimama bega kwa bega kila bunduki inayofyatuliwa hutoa cheche karibu na kisanduku cha jirani. Kwa hiyo askari alichomoa risasi moja, akafunika, ndipo akajaza. Waigizaji wanaotumia baruti ya kweli bila vichwa vya risasi wanaifuata kanuni hiyo hiyo. Hawaachi kifuniko wazi, hawatoi makopo ya bati ili kupata nafasi ya kuweka simu au sigara, na jioni huyakung'uta makopo yale ili baruti iliyomwagika isibaki humo. Anayekiona kisanduku kile kuwa pambo la kiunoni ndiye atakayeungua.

Uingereza kwa upande wake iliiacha ngozi, kisha ikairudia. Mwaka 1903, baada ya vita vya Afrika Kusini, jeshi lake lilipewa mkanda wa ngozi wa kuvaa begani, wenye vifuko vitano vya risasi 50 kwa askari wa miguu na vifuko tisa vya risasi 90 kwa wapanda farasi. Ngozi ilikuwa na kasoro zake: ikilowa huwa nzito na kunyumbuka, ikikaushwa kwa pupa hukakamaa na kupasuka. Mwaka 1908 askari wa miguu wakapewa vifaa vya pamba nzito iliyofumwa, vilivyobeba risasi 150. Halafu vita vikazuka 1914, na kampuni ya Mills iliyokuwa ikifuma vifaa hivyo haikuweza kutosheleza jeshi lililokuwa likikua kila wiki. Viwanda vya ngozi vikaitwa tena, na ukazaliwa mtindo wa ngozi wa 1914. Hivyo kikundi kinachodhani kwamba ngozi ni ya kale na pamba ni ya baadaye kitawavisha watu wake kinyume cha historia.

Kwa Afrika Mashariki kosa la kawaida ni jingine. Wakati wa mapigano ya Tanga, mwanzoni mwa Novemba 1914, askari wengi wa upande wa Wajerumani walishika bunduki za mtindo wa 1871, zenye kupiga risasi moja moja, nene ya milimita 11, kwa baruti iliyotoa moshi uliowafichua. Ni baadhi tu ya kombania zilizokuwa na bunduki mpya. Waingereza walipoondoka Tanga waliacha mamia ya bunduki na risasi zipatazo 600,000, na silaha hizo zikaingia mikononi mwa waliobaki. Beti za askari wa miguu wa Ulaya za mtindo wa 1909, zenye vifuko vitatu kila upande na jumla ya risasi 120, zilikatwa kwa ajili ya risasi nyembamba zilizofungwa tano tano. Kumvika mwigizaji beti hizo huku ameshika bunduki ya 1871 ni kumpa mtu ufunguo usioingia katika kufuli lake. Kwanza ijulikane bunduki, kisha ndipo ikatwe ngozi.

Na si kila aliyekuwa vitani alivaa beti. Wapagazi waliobeba vyakula, risasi na majeruhi walikuwa wengi kuliko askari waliowahudumia, na jina la Kariakoo, Dar es Salaam, linatokana na kikosi chao. Onyesho ambalo kila kijana anataka kuwa askari kwa sababu mshipi unapendeza linawafuta watu hao. Kikundi chenye beti kumi na mizigo thelathini ya kichwani kitakuwa karibu zaidi na ukweli.

Katika wilaya hakuna haja ya kutumia baruti kamwe. Silaha na risasi zinatawaliwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na hakuna onyesho linalompa mtu kibali cha kuwa nazo. Vipande vya mbao vilivyochongwa kwa umbo la risasi vinatosha, lakini visiwe vyepesi mno. Risasi moja ya bunduki ya Kiingereza ya wakati ule ilikuwa na uzito wa gramu 25 hivi. Risasi 50 zinapita kilo moja. Beti tupu hurukaruka kiunoni na kumfanya mwigizaji atembee kama mtu aliyekwenda sokoni. Mfuko mdogo wa mchanga, ulioshonwa vizuri na kuwekwa chini ya mbao, humrudishia mwendo wa askari.

Hatari ya kweli iko katika beti za zamani zinazoibuka majumbani au ardhini. Ndani yake mnaweza kuwa na risasi nzima. Umri hauifanyi risasi kuwa salama. Isichomolewe kwa koleo, isisuguliwe ili kuonekana jina la kiwanda, isipelekwe shuleni. Iachwe ilipo, watoto waondolewe, na taarifa ifike kituo cha polisi kilicho karibu. Hata pale ambapo hakuna hatari ya mlipuko, shaba na ngozi ni maadui wa siku nyingi: asidi na mafuta ya ngozi huila shaba na kuifunika kutu ya kijani, na kutu hiyo huigeukia ngozi ikaila nayo. Ndiyo maana hata risasi za mbao zenye vichwa vya shaba hazifai kulazwa ndani ya beti kutoka onyesho hadi onyesho.

Sasa utunzaji wenyewe. Ngozi ya beti zilizo nyingi za zamani ilisindikwa kwa tanini ya magome ya miti. Pwani ya Tanzania inazijua biashara hizo, kwa kuwa magome ya mikoko ya Rufiji yalisafirishwa nje kwa kazi hiyo tangu wakati wa Wajerumani, na miwati ya Njombe imepandwa kwa ajili ya tanini ya magome yake. Ngozi ya namna hii ikiloweshwa kidogo hukubali kufinyangwa juu ya kalibu ya mbao, ikikauka hushika umbo. Ngozi iliyosindikwa kwa kemikali ya kromi ni laini na hustahimili maji, lakini haishiki umbo. Beti iliyoshonwa kwa ngozi hiyo hulegea kama mkoba wa mwanafunzi. Fundi anayetaka kazi idumu atumie pia mshono wa sindano mbili katika uzi mmoja uliopakwa nta ya nyuki. Tundu moja likikatika uzi, upande wa pili bado unashika.

Hapa ofisi ya mifugo inahusika kuliko inavyodhaniwa. Mshipi na kifuniko hukatwa mgongoni na matakoni mwa ng'ombe, ambako ngozi ni imara. Ngozi ya tumbo hunyumbuka ovyo. Mfugaji anayempiga chapa ng'ombe wake takoni, au mchinjaji anayechuna kwa kisu kisicho na uangalifu, ameharibu kipande ambacho fundi angekilipia zaidi.

Baada ya onyesho, beti ifutwe vumbi kwa brashi laini, kisha kwa kitambaa chenye unyevu kiasi, wala isiloweshwe. Ikiwa imenyeshewa, ijazwe vitambaa vikavu ili isipoteze umbo, ikae kivulini penye upepo. Jua la mchana na joto la jiko huikunjamanisha ngozi mbichi ya maji, na kilichokunjamana hivyo hakinyooki tena. Ikikauka karibu kabisa ndipo ipakwe mafuta ya kwato za ng'ombe, kidogo, kwa ncha ya kitambaa, hasa kwenye mkunjo wa kifuniko ambako nyufa huanzia.

Kidogo ni neno la kutiliwa mkazo. Beti nyingi zinauawa na mapenzi ya wenyewe kuliko na mvua. Mafuta yakizidi hulainisha ngozi iliyotakiwa kuwa ngumu, huurefusha mshipi, huozesha nyuzi, hukusanya vumbi na kulisha kuvu. Mafuta ya kupikia huchacha. Mafuta ya gari hayana nafasi kabisa. Dawa ya viatu yenye rangi hung'arisha kwa saa moja na kuchafua sare kwa siku nzima. Shaba isuguliwe baada ya kuvikwa kipande cha karatasi ngumu kilichokatwa tundu, ili dawa ya kung'arishia isiingie katika ngozi na kuacha doa jeupe.

Kabatini, beti ilale ndani ya mfuko wa pamba, bizimu ikiwa wazi na vifuko vikiwa vimejazwa vitambaa. Isitiwe katika mfuko wa plastiki. Unyevu wa hewa unaozidi asilimia 65 hukaribisha kuvu, na pwani na kando ya maziwa kiwango hicho hupitwa mara kwa mara. Hapo dawa ni hewa inayopita na macho yanayokagua kila wiki.

Beti halisi ya zamani ina sheria yake peke yake. Ikiguswa ikaacha unga mwekundu vidoleni, ngozi imeshaanza kuoza kutoka ndani, na hali hiyo haina tiba ya kuirudisha nyuma. Maji na mafuta huifanya nyeusi na ngumu zaidi. Isivaliwe hata mara moja, hata kwa picha. Ipimwe kwa rula, ichorwe, matundu ya mishono yahesabiwe, kisha fundi ashone nyingine kwa vipimo hivyo. Ya kwanza ilazwe juu ya ubao, na ikihamishwa uhamishwe ubao, si mshipi.

Pamoja nayo liwekwe jina la aliyeivaa, kombania yake kama inafahamika, na mahali alipotoka nayo, kabla ya wazee wanaokumbuka hawajaondoka. Maneno hayo yaandikwe kwa penseli juu ya kipande cha karatasi ngumu, maana wino huenea karatasi inaponyonya unyevu. Gundi isitumike, wala waya; uzi wa pamba uliofungwa kwenye bizimu unatosha.