Utulivu una mwenyewe

Ndugu msikilizaji, leo naomba tuzungumzie picha. Najua ni kichekesho mtu kuzungumzia picha redioni, maana redio haina macho. Lakini nyinyi mtakaoyasoma maneno haya gazetini mtanivumilia, na nyinyi mnaonisikiliza sasa hivi, fumbeni macho. Pengine mtaona vizuri zaidi kuliko wenye magazeti.

Kuna ugonjwa umetuingia sisi watu wa mjini. Tukichoshwa na foleni, honi na jenereta la jirani, tunasema tunakwenda kutafuta utulivu. Tukishaufikia, kabla hata hatujaketi, simu imeshatoka mfukoni. Enzi za filamu, tulipokuwa watoto, mpiga picha alikuja mtaani na baiskeli, na ndani ya kamera yake mlikuwa na picha 36, basi. Kila moja ilikuwa na gharama yake mpaka isafishwe, kwa hiyo alilazimika kutazama kwanza, akakwambia sogea, inua kidevu, ngoja lile wingu lipite. Leo mtu anapiga picha 300 kabla ya chai, na akirudi nyumbani hawezi kukueleza alichokiona.

Nimetoka Lagangabilili, makao makuu ya Wilaya ya Itilima, mkoani Simiyu. Mgeni mwenye kamera akifika Bariadi huuliza jambo moja tu, njia ya kwenda Serengeti. Lagangabilili haimo katika ratiba yake. Na sisi waandishi wa habari, tuseme kweli, hatuna nafuu. Kanda ile tumeiandika sana kwa mauaji ya vikongwe na, tangu miaka ya 2000, kwa mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino. Habari zile zilikuwa za kweli na ilikuwa haki ziandikwe. Lakini mtu anayeishi Masaki au Kinondoni, ukimtajia Usukuma wa vijijini, kichwani mwake hana picha nyingine. Hajaona mama akianika michembe.

Mkenya Mohamed Amin, mpiga picha maarufu aliyefariki mwaka 1996, alipiga mwaka 1984 zile picha za njaa ya Korem, Ethiopia, zilizoutikisa ulimwengu. Mwaka huo huo wa 1984 kilitoka kitabu cha picha za safari nchini Tanzania, alichokitengeneza na wenzake: milima, maziwa, mashamba, watu na kazi zao. Jicho ni lile lile. Nadhani aliyezoea kutazama watu wakiwa salama ndiye anayejua msiba umewanyang'anya nini.

Basi asubuhi moja nilitoka mapema, saa kumi na mbili na nusu, nikaelekea kwenye ngitili moja nje kidogo ya mji. Ngitili, kwa wasioijua, ni kipande cha ardhi ambacho Wasukuma hukifunga mvua zinapoanza. Ng'ombe hawaingii. Majani yanakua, migunga inachipua. Kiangazi kikikaza na malisho kwisha kwingine, ndipo panapofunguliwa, wakitangulia ndama, ng'ombe wagonjwa na waliozeeka. Ni akiba ya nyasi, kama mtu anavyoweka akiba ya mtama.

Nawaambia, mwanga wa saa ile hauna mfano. Jua liko chini, kila unyasi una kivuli chake, na vumbi la mwezi Juni lilikuwa bado halijaamka. Tetere walikuwa wakiita. Mbali kidogo kengele ya ng'ombe mmoja, siyo kundi, ng'ombe mmoja. Nikakaa juu ya jiwe bila kuitoa kamera, kwa sababu mimi ni mtu wa redio na masikio yangu huwahi kufika kuliko macho.

Akatokea mzee na fimbo yake. "Mwangaluka, baba," nikamwamkia. "Mwangaluka. Mhola?" Nikajibu kama nilivyofundishwa: "Mhola duhu." Neno hilo mhola ni tamu. Ndiyo salama yenyewe, uzima, kutokuwa na habari mbaya. Wasukuma huulizana utulivu kila wanapokutana, na husubiri jibu.

Akaniuliza ninafanya nini. Nikamwambia napiga picha za utulivu. Mzee akacheka mpaka akaegemea fimbo. "Utulivu! Mwanangu, usiku hukuwepo hapa."

Ndipo akanisimulia. Tembo walikuwa wametoka upande wa Pori la Akiba la Maswa, wakaingia mashambani. Watu walikesha wakipiga madebe na kumulika tochi, akina mama wakiwa wamefungia watoto ndani. Kulipokaribia kupambazuka tembo wakaondoka, na watu wakaanguka kulala. Kile kimya nilichokuwa nakifurahia juu ya jiwe langu kilikuwa ni kijiji kizima kilichochoka.

Ndugu msikilizaji, tangu hapo nikaitazama ngitili kwa macho mengine. Ile misitu midogo ya kupendeza haikujiotea yenyewe tu. Wakati wa ukoloni miti mingi ya nchi ile ilifyekwa ili kuwaondoa ndorobo, kisha mashamba ya pamba yakapanuka, mifugo ikaongezeka, na operesheni ya vijiji ya miaka ya 1970 ikawahamisha watu mbali na ngitili zao. Mkoa wa Shinyanga, ambao Bariadi ilikuwa sehemu yake mpaka Simiyu ilipoundwa mwaka 2012, ukawa unaitwa jangwa. Mwaka 1986 ulianza mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ule uliojulikana kama HASHI. Wataalamu walianza na miche ya vitaluni, lakini kilichofanya kazi kubwa zaidi ni kuwarudia wazee na kuwauliza habari za ngitili. Wakati ule mkoa mzima ulikuwa na yapata hekta 600 tu za ngitili zilizojulikana. Mpango ulipofikia mwisho mwaka 2004, zilikuwa zimevuka hekta 300,000. Nyingi zilifungwa na watu wenyewe, kwa sheria zao, na anayeingiza ng'ombe wakati wa katazo alitozwa faini na wanakijiji wenzake.

Kwa hiyo ukiwa na kamera mbele ya migunga ile, unapiga kazi ya watu. Ni kama kupiga picha ya nyumba ya mtu. Unabisha hodi.

Ng'ambo ya hifadhi ile ya Maswa, huko Ndutu, aliishi miaka mingi Mholanzi Hugo van Lawick, aliyefariki mwaka 2002, mpiga filamu na picha za wanyama wa Serengeti. Sifa yake kubwa ilikuwa kungoja. Siku, wiki, akiwafuata mbwa mwitu wale wale. Sisi tunawangoja simba kwa adabu namna hiyo, lakini mama anayeanika viazi tunampiga picha dirishani mwa gari, na gari halijasimama.

Yule mama niliyemtaja nilimkuta siku ya pili. Alikuwa kwenye jabali kubwa, tambarare, lenye joto la jua, akitandaza michembe, yaani vipande vya viazi vitamu vilivyokatwa vyembamba, moja moja, haraka, bila kuangalia mikono yake. Jabali lote limekuwa jeupe. Nikasema moyoni, hii ndiyo. Nikaomba ruhusa.

"Hapana," akasema mayu yule. "Siyo na kanga hii."

Kanga ilikuwa imechanika begani. Kwa jicho la mpiga picha wa mjini, ule mchaniko ndio ungeshinda tuzo. Nikafunga kamera. Akaniambia nije kesho. Kesho yake nikamkuta kwenye jabali lile lile, amevaa kitenge kipya, kilemba kimekaa sawasawa, na wajukuu wawili wameoshwa nyuso. Hakuanika chochote. Alisimama wima kama yuko studio, akanitazama moja kwa moja.

Wapo wenzangu watakaosema picha hiyo si ya asili. Sikubaliani nao. Mwanamke anayelima, kupika, kuanika na kukesha akifukuza tembo, akisimama dakika tano bila kazi mkononi, mtaniambia utulivu mwingine upo wapi? Picha yake ninayo, na katika zote nilizopiga safari ile ndiyo niipendayo. Aliniuliza swali moja tu, kama nitaileta. Watu wengi wameshapigwa picha pale, akasema, na walioletewa hawajui hata mmoja.

Mzee wa ngitili naye alikuwa na ombi lake. Tangu Lagangabilili iwe makao makuu ya wilaya, zimejengwa ofisi, maduka, nyumba za kupangisha. Bodaboda zinalia mpaka usiku. Sisemi wilaya isijengwe. Mgonjwa anahitaji hospitali iliyo karibu kuliko anavyohitaji mandhari yangu. Lakini ardhi iliyokuwa inapimwa kwa ng'ombe sasa inapimwa kwa viwanja, na ngitili ya mzee iko jirani na mji. Vijana wa ukoo wanataka ikatwe viwanja, iuzwe. Mmoja ana mtoto anayeingia sekondari, mwingine anataka pikipiki ya biashara. Si wapumbavu hata kidogo. Ukiwasikiliza utawaelewa. Mzee anasema miti ile ikianguka, kiangazi kibaya kikija, ndama watakula hizo pikipiki?

Akanipeleka kwenye mgunga mmoja mkubwa ulioko pembeni, ambao baba yake aliuweka kuwa mpaka. "Piga huu," akasema. "Piga na mimi nimeushika." Akaweka kiganja juu ya gome, akanyamaza. Sikumwambia asimameje. Ilikuwa yapata saa kumi na moja jioni, mwanga umegeuka kuwa kama asali, na ng'ombe walikuwa wanarudi nyuma yake, vumbi limewafunika miguu. Nilipiga mara mbili tu.

Alitaka picha ya karatasi. Ya simu, alisema, inafutika, tena vijana watasema imetengenezwa. Basi nilipofika Bariadi mjini nikaingia studio, nikasafisha nakala tatu: moja ya mayu na wajukuu wake, mbili za mzee na mgunga. Nikazitia kwenye bahasha, nikaandika majina mawili, nikamkabidhi utingo wa basi linaloelekea huko.

Juzi nilipigiwa simu na mjukuu wa mzee, huyo huyo anayetaka pikipiki. Bahasha imefika. Kikao cha ukoo kitakaa baada ya fedha za pamba kulipwa, na babu yake amesema ataingia nayo.