ASALI NI DAWA, LAKINI INA MASHARTI YAKE

Leo tutazungumza juu ya asali. Ninyi wa Tabora na Katavi, mnaotundika mizinga katika misitu ya miombo, mnaijua asali kuwa ni fedha. Lakini asali ni dawa pia, na kama dawa yoyote, ina masharti yake.

Je, asali hutibu kwa namna gani? Asali iliyoiva ina maji machache, chini ya sehemu 20 katika kila 100. Vijidudu vingi vikiingia humo hunyonywa maji vikafa. Tena, asali ikilowana juu ya kidonda hutoa dawa ya kuua vijidudu. Ukiichemsha, nguvu hiyo hupotea. Kwa hiyo, vuna masega yaliyozibwa kwa nta, chuja kwa kitambaa safi bila moto, kisha tia katika chupa kavu yenye kifuniko. Debe lililowahi kutiwa dawa ya pamba au ya tumbaku usilitumie kamwe, hata ukilisugua namna gani.

Sasa matumizi. Mtoto aliyetimiza mwaka mmoja akisumbuliwa na kikohozi usiku, mpe kijiko kimoja cha chai kabla ya kulala. Mtu mzima achanganye asali na maji ya vuguvugu na ndimu. Mwaka 2001 Shirika la Afya Duniani liliitaja asali miongoni mwa dawa za nyumbani za kutuliza kikohozi. Midomo ikipasuka kwa baridi, paka kidogo. Ukiungua kidogo jikoni, kwanza mwagia maji safi ya baridi kwa dakika 20. Ndipo upake asali, ufunike kwa kitambaa safi, na ubadilishe kila siku.

Hapa, akina mama na akina bibi, nisikilizeni vizuri. Ziko jamii ambazo mtoto mchanga hulambishwa asali. Jambo hili tuliache. Asali, hata iliyo safi kabisa, yaweza kuwa na mbegu za kijidudu ambazo tumbo la mtoto wa chini ya miezi 12 haliwezi kuzishinda. Humo huota na kutoa sumu: mtoto hukosa choo, hunyonya kwa unyonge, kilio hufifia, shingo hulegea. Anaweza kufa. Na kuchemsha asali hakuziui mbegu hizo. Ukiona dalili hizo, mkimbize hospitali.

Vilevile, mwenye kisukari akumbuke kwamba asali ni sukari. Kikohozi kilichozidi wiki mbili, kidonda kirefu au cha usaha, na moto uliounguza sehemu kubwa, hayo ni ya zahanati.

Basi, ndugu wakulima, wekeni chupa moja ya asali nyumbani kabla ya kuuza debe zima. Na mtoto mchanga abaki na maziwa ya mama yake.