Tupige Hodi Kwanza: Namna ya Kupanga Safari ya Kutembelea Vijiji vya Mbali

Mada iliyotolewa kwa wajumbe wa kamati za sharika na wafadhili, Arusha



Tumeombwa tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi huliona dogo: namna ya kupanga safari ya gari kwenda kwenye vijiji vya wafugaji vilivyo mbali na lami. Tunazungumzia hasa njia inayotoka Arusha kupitia Makuyuni na Mto wa Mbu, ikaelekea kaskazini kwenda Selela, Engaruka na Ngaresero kando ya Ziwa Natron, kisha ikapanda ukingo wa Bonde la Ufa hadi Sale, Waso na Loliondo. Wengi wenu mngependa kuona kwa macho visima, madarasa na zahanati mlizozichangia. Hamu hiyo ni njema. Lakini safari isiyopangwa huwagharimu wenyeji kabla haijatugharimu sisi.

1. Kwa nini tuanze na hodi

Sisi tunaoishi chini ya Mlima Meru hatuhitaji kufundishwa uchungu wa mtu kuingia kwenye ardhi ya mwenzake bila kuulizwa. Mwezi Novemba 1951 serikali ya kikoloni iliwaondoa Wameru wapatao 3,000 kutoka Ngarenanyuki ili ardhi yao ipewe walowezi. Nyumba zilichomwa moto. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alisafiri hadi New York na kusimama mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa kuwatetea wenzake. Wazee wetu walisema jambo moja: ile ardhi ina wenyewe.

Kuna habari ya zamani zaidi. Mwaka 1896 wamisionari wawili wa Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa pale Akeri muda mfupi baada ya kufika. Walikuja wakati majeshi ya Kijerumani yakizunguka eneo hili, na wenyeji hawakuwa na sababu ya kumtofautisha mgeni wa Injili na mgeni wa bunduki. Msafiri haangaliwi kwa nia aliyo nayo moyoni tu. Huangaliwa pia kwa watu anaoambatana nao, kwa gari analopanda na kwa namna alivyoingia.

Kwa hiyo, tunapoiona nyika ya Natron imekaa wazi, tusidhani haina mwenyewe. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, ardhi ya kijiji husimamiwa na Halmashauri ya Kijiji kwa niaba ya wanakijiji wote, na Mkutano Mkuu wa Kijiji ndio wenye sauti. Mwaka 2011 ndugu zetu Wahadzabe wa bonde la Yaeda walipewa hati ya kimila ya pamoja, kwa kundi zima na siyo kwa mtu mmoja mmoja. Kwingineko duniani mambo ni hayo hayo. Kule Australia, katika Jimbo la Kaskazini, sheria ya mwaka 1976 iliwarudishia wenyeji wa asili sehemu kubwa ya ardhi yao. Hadi leo mwenye gari anayetaka kupita huko hutakiwa kuomba kibali kwanza kwenye baraza la ardhi la wenyeji hao. Hata kama barabara iko wazi na hakuna lango, anaomba. Sisi nasi tuige moyo huo.

2. Nani aulizwe

Tunapendekeza utaratibu ufuatao, na uanze angalau mwezi mmoja kabla ya safari.

Kwanza, mwinjilisti au mchungaji wa mtaa husika aulizwe kama wakati huo unafaa. Yeye anajua kama kuna msiba, sherehe ya rika, au kama watu wamehama na mifugo. Pili, barua iende kwa Afisa Mtendaji wa Kijiji na mwenyekiti wake, nakala kwa Afisa Mtendaji wa Kata. Itaje majina ya wageni, idadi ya magari, siku za kukaa na sababu ya kuja. Tatu, laigwanan apelekewe taarifa kwa mdomo, na mtu anayemheshimu. Karatasi pekee haitoshi. Kwa ndugu zetu Wabatemi, yaani Wasonjo, walio Sale, Samunge na Digodigo, wazee wanaoitwa Wenamiji ndio wasimamizi wa mila na wa maji ya mifereji. Mgeni asiende kuoga wala kuosha gari kwenye mfereji wao. Nne, ofisi ya wilaya ijulishwe.

Njiani kuna ushuru wa wageni unaotozwa na halmashauri na vijiji. Viwango hubadilika, hivyo viulizwe kabla ya kuondoka, fedha itengwe kwenye bajeti, na stakabadhi idaiwe. Ushuru huo ndio fedha ya kijiji, na anayeukwepa kwa kupita vichakani anakichukulia kijiji haki yake. Anayekuja kwa utafiti anahitaji kibali cha COSTECH, na barua ya usharika haiwezi kushika nafasi ya kibali hicho.

Jambo hili lina uzito zaidi tangu Juni 2022. Wakati Serikali ilipokuwa ikiweka vigingi kwenye eneo la kilomita za mraba 1,500 huko Loliondo, kulitokea vurugu. Askari polisi mmoja aliuawa, wananchi wakajeruhiwa, na wengine walivuka mpaka kuingia Kenya. Gari geni lenye watu wenye kamera huleta hofu kwa wananchi na maswali kwa viongozi. Tueleze wazi sisi ni nani. Tusimhoji mwananchi mbele ya watu juu ya mgogoro wa ardhi, kwa maana sisi tutaondoka kesho, naye atabaki na maneno yake.

3. Fundisho la Samunge

Wote mnakumbuka mwaka 2011. Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, aliyefariki dunia mwaka 2021, alikuwa akigawa kikombe cha dawa kwa shilingi 500 pale Samunge. Leo hatutazungumza juu ya dawa yenyewe. Tunataka kutazama barabara tu. Watu kwa maelfu walipanda kila aina ya gari, na magari mengi hayakufaa kabisa kwa njia ile. Msururu ulivuka kilomita 20. Wagonjwa walikaa siku kadhaa kwenye vumbi na mvua bila choo, bila maji safi, bila chakula cha kutosha, na wengine walifia kwenye foleni. Mwishoni mwa Machi ilibidi watu watangaziwe wasije kwanza hadi foleni ipungue.

Fundisho ni hili. Kijiji kinaweza kuzidiwa na wageni wenye nia njema kabisa. Maji yanayowatosha watu mia tano hayawatoshi elfu tano, na hata magari matatu yenye watu kumi na wanane ni mzigo kwa boma lenye kisima kimoja mwezi wa Septemba. Ndiyo maana tunashauri magari mawili kwa msafara: mawili, ili moja likikwama lingine livute, na yasizidi mawili, ili wenyeji wasilemewe.

4. Gari na mizigo

Kutoka Arusha hadi Mto wa Mbu ni lami, kiasi cha kilomita 120. Upande wa juu, kipande cha Waso hadi Sale nacho kimewekwa lami. Kati ya hapo ndipo penye kazi: mchanga, majivu ya volkano, mawe makali, makorongo, na mpando mkali wa ukingo wa Bonde la Ufa. Gari liwe la kuvuta kwa magurudumu yote manne, la juu, na dereva awe amekwisha kuipita njia hiyo. Asiyeijua, achukue kiongozi mwenyeji na amlipe.

Mafuta yajazwe Mto wa Mbu, kwa sababu mbele yake sheli za uhakika ni haba. Gari zito huweza kunywa lita 15 hadi 20 kwa kilomita 100 kwenye njia ngumu, na kwenye mchanga huzidi. Pigeni hesabu ya kwenda na kurudi, kisha ongezeni robo yake kwenye madumu.

Kila gari liwe na tairi mbili za akiba, vifaa vya kuziba pancha, pampu ya upepo, jeki na ubao mpana wa kuiwekea chini isizame, sepetu, kamba ya kuvutia, feni belti na filta ya hewa ya akiba. Kwenye mchanga punguzeni upepo wa tairi, na mkitoka mjaze tena kabla ya kukimbia.

Maji ya kunywa yasipungue lita tano kwa mtu kwa siku, mbali na ya rejeta. Joto la Natron hufikia nyuzi 40. Maji ya ziwa ni magadi, na maji ya sehemu nyingi kuzunguka Mlima Meru yana floraidi nyingi, kwa hiyo msitegemee kuteka popote. Pia si haki kumimina kwenye dumu letu maji ambayo mama ameyafuata kwa punda tangu alfajiri.

Simu hupoteza mtandao kwa mwendo mrefu. Mtu mmoja Arusha aachiwe ratiba iliyoandikwa: mtalala wapi, mtapiga simu lini, na akikosa habari kwa saa ngapi aanze kuwatafuta. Hospitali ya kuikumbuka upande wa Loliondo ni ya Waso. Dawa za msafara zichukuliwe mjini. Akiba ya zahanati ya kijiji ni ya wagonjwa wake.

5. Majira na mwenendo njiani

Miezi ya Juni hadi Oktoba ndiyo inayopitika kwa urahisi. Masika, Machi hadi Mei, ni vyema kuahirisha. Korongo kavu laweza kujaa ghafla kwa mvua iliyonyesha nyanda za juu za Ngorongoro wakati nyinyi mnaona jua. Msipige kambi ndani ya korongo, wala msivuke maji msiyoyajua kina. Msiendeshe usiku, kwa maana mifugo na wanyamapori hulala njiani.

Lakini kiangazi kinachoifaa gari ndicho kinachomwumiza mfugaji. Ukame wa 2009 uliua ng'ombe wengi sana Longido, Monduli na Ngorongoro. Ol Doinyo Lengai ilipolipuka mwaka 2007 na 2008, majivu yaliangukia malisho. Familia iliyopoteza mifugo itamchinjia mgeni mbuzi hata ikiwa ni wa mwisho, kwa kuwa heshima inadai hivyo. Basi tuseme mapema, kwa adabu na kupitia mwinjilisti, kwamba tutakuja na chakula chetu na tutakula pamoja nao. Tusingoje mbuzi aletwe ndipo tukatae, maana hapo tutakuwa tumewaaibisha.

Fuateni njia moja. Kila gari linalochepuka huzaa njia mpya, na udongo wa majivu hauponi upesi. Majani mazuri yaliyo karibu na boma, yanayoonekana hayajaguswa, si mahali pa kugeuzia gari wala pa kupiga hema. Hayo ni olopololi, malisho ya akiba kwa ajili ya ndama na mifugo dhaifu. Gari mbili zikilala hapo usiku mmoja, ndama watakosa chakula cha siku nyingi.

Mkifika, simamisheni gari mbali kidogo na boma na mshuke. Mzee asalimiwe kwanza. Mwanamume huambiwa "Supai", mwanamke "Takwenya". Mtoto akiinamisha kichwa, mguse utosini, ndiyo salamu yake. Picha zipigwe baada ya ruhusa. Pipi na fedha zisigawiwe dirishani. Mwenye zawadi aikabidhi kwa viongozi mbele ya watu.

6. Swali la mwisho kabla ya kuondoka

Ndugu zangu, kabla kamati haijapitisha bajeti, ijiulize: safari hii inamfaa nani? Kama jibu ni picha za taarifa tu, mwinjilisti mwenye simu anaweza kutuma picha hizo, na fedha ya dizeli ikanunua mabomba. Lakini kama wenyeji wametuita, kama kuna pampu inayohitaji fundi, kama kuna hesabu za mradi za kusomwa mbele ya Mkutano wa Kijiji, basi twende, na twende vizuri. Tukifika tusikilize kuliko tunavyosema, na tusiahidi ambalo kamati haijaliamua. Ahadi iliyotolewa chini ya mgunga husubiriwa miaka mingi, na wanaoisubiri ni watu waliokwisha kuahidiwa mengi.

Tukirudi, taarifa iandikwe, na nakala yake irudishwe kijijini kwa Kiswahili. Wao ndio wenyeji wa habari hiyo, na wana haki ya kusoma tulichosema juu yao.