Betri Inayokufa Jumatatu

(Hotuba ya fundi wa umeme wa karakana ya reli, mbele ya wanachama wa tawi. Imepigwa chapa kwa ombi la waliokuwapo, na kwa faida ya waliokuwa zamu.)



Nimeombwa kusema machache juu ya betri ya gari. Najua wengine wenu mnacheka moyoni mkisema, "Sisi tunapanda matatu, betri ya gari yatuhusu nini?" Ngojeni kidogo. Habari hii ni ya betri, lakini ni ya mshahara pia, na mshahara unatuhusu sote. Mimi si mtu wa elimu kubwa. Nilisoma shule ya msingi ya misheni, na mwalimu wetu wa hesabu hakukubali jibu mpaka aone njia. Umeme nimejifunza karakanani, mikononi mwa mafundi walionitangulia.

Shemeji yangu ni dereva wa pikapu ya mwajiri mmoja hapa mjini. Nyuma ya pikapu hiyo kuna sanduku la bati la kubebea mizigo, lenye mlango na mpira wa kuzuia vumbi. Mwaka jana gari lake lilianza kukataa kuwaka siku ya Jumatatu asubuhi. Siku nyingine liliwaka, ijapokuwa kwa uvivu. Ofisini wakasema, "Wewe unaacha taa zikiwaka." Betri ikanunuliwa mpya, na bei yake ikakatwa katika mshahara wake kidogo kidogo. Kabla deni halijaisha, betri ya pili nayo ikafa Jumatatu. Wakaanza kumkata ya pili juu ya ile ya kwanza. Watoto wake wawili walirudishwa nyumbani kwa ajili ya karo. Ndipo dada yake, ambaye ni mke wangu, akaniambia, "Wewe unajiita fundi. Nenda kalitazame."

Nilipofika, shemeji aliniapia kwamba hajaacha taa hata siku moja. Nikamwambia, "Shemeji, usiape. Tutapima."

Sasa nawaeleza jinsi ya kupima, ili kila mmoja aweze kumsaidia jirani yake.

Kwanza, tazama betri yenyewe na mashine ya kuichaji. Betri nzima ya volti 12, iliyojaa na kupumzika saa kadhaa, huonyesha karibu volti 12.6. Ikionyesha 12.2 imebaki nusu. Ikionyesha 12.0 au chini, iko karibu na kwisha. Kisha washa injini upime tena. Magari mengi yataonyesha kati ya volti 13.8 na 14.5, ndiyo dalili ya kuwa alternata inafanya kazi. Alternata isipochaji, usitafute mwizi wa usiku, maana taabu iko mchana. Gari la shemeji lilikuwa linachaji vizuri, na betri ilikuwa na miezi michache tu. Basi nikajua umeme unaondoka gari likiwa limelala.

Ndugu zangu, kila gari la siku hizi hula umeme kidogo hata likizimwa. Saa inakula, kingora kinakula, na kompyuta ya injini inakula ili isisahau. Hiyo si kosa. Kwa kawaida jumla yake haizidi ampea 0.05. Fanyeni hesabu: 0.05 mara saa 24 ni ampea-saa 1.2 kwa siku. Betri ya ampea-saa 60 itakaa zaidi ya wiki tatu kabla haijafika nusu. Kwa hiyo gari zima haliwezi kufa kutoka Jumamosi hata Jumatatu.

Kupima umeme huo, chukua mita ya fundi. Ingiza waya mwekundu wa mita katika tundu la ampea 10, na ugeuze kitasa kwenye ampea za umeme wa betri. Zima kila kitu, toa ufunguo, na kama ni ule ufunguo unaoongea na gari kwa mbali, upeleke mbali. Acha dirisha moja wazi usije ukajifungia nje. Funga milango yote. Kama fyuzi ziko ndani na lazima mlango ukae wazi, sukuma kufuli ya mlango kwa bisibisi mpaka ijifunge, ili gari lidhani mlango umefungwa. Ukimaliza, vuta mkono wa mlango ifunguke kabla hujaufunga, usije ukaivunja.

Kisha vua pete na saa ya mkononi, wala usivute sigara, maana betri hutoa hewa inayoweza kulipuka. Legeza waya wa hasi kwa spana, uuondoe. Shika ncha moja ya mita kwenye kichwa cha hasi cha betri, na ncha ya pili kwenye ule waya ulioutoa. Sasa umeme wote unaotoka hauna budi kupita ndani ya mita.

Kuna mambo mawili msiyafanye kamwe. Msiwashe injini mita ikiwa hapo, kwa sababu starta hutaka zaidi ya ampea 100 na mita itaungua fyuzi yake. Wala msiweke mita iliyo katika ampea juu ya hasi na chanya pamoja. Huko ni kuunganisha moto kwa moto, na mtu anaweza kuungua.

Halafu subiri. Hapa ndipo mafundi wengi wa kando ya barabara hukosea. Gari lenye kompyuta halilali mara moja. Hukaa dakika 20 au 30, na mengine hata saa nzima, ndipo hesabu hushuka. Ukisoma mapema utamshitaki asiye na hatia. Sisi tulikunywa chai. Baada ya dakika 40 mita ilisimama kwenye ampea 1.7, haipandi wala haishuki.

Nikamwita shemeji asome mwenyewe. Kisha tukaandika katika daftari la mtoto: tarehe, saa, na 1.7.

Kutafuta mahali panapovuja ni kazi ambayo ndugu zetu wa mabehewa wanaijua. Breki ya upepo ikivuja katika treni ndefu, hawabomoi treni. Hufunga koki ya bomba kati ya behewa na behewa, na kutazama geji. Geji ikisimama, wamejua tundu liko upande uliofungwa. Katika gari koki zetu ni fyuzi. Toa fyuzi moja, tazama mita, irudishe mahali pake, toa nyingine. Magari mapya mengine huamka ukichomoa fyuzi, kwa hiyo hayo pima volti ndogo sana juu ya vile vidoti viwili vya mgongo wa fyuzi bila kuichomoa. Pasipo umeme unaopita, mita itasoma sifuri.

Ukitoa fyuzi zote na hesabu isishuke, basi tazama nyaya kubwa zisizopita hapo, hasa alternata. Ndani yake mna daiodi, ambazo ni milango ya umeme ya kwenda upande mmoja tu. Daiodi ikiharibika, umeme wa betri hurudi nyuma usiku kucha. Lakini vua waya wa hasi wa betri kabla hujagusa waya wa alternata.

Sisi hatukufika huko. Fyuzi ya kwanza, kimya. Ya redio, kimya. Ya saba ilikuwa imeongezwa kando na waya wa rangi nyingine, na nilipoichomoa hesabu ilianguka kutoka 1.7 hata 0.03. Shemeji akapiga kelele mpaka askari wa lango akaja.

Tukaufuata ule waya. Ulikwenda nyuma, ndani ya sanduku la mizigo, kwenye taa mbili za wati 10 kila moja, zilizowekwa na mwajiri ili wapakuaji waone. Mlango ukifunguliwa huwaka, ukifungwa huzimika. Tukafungua, zikawaka. Lakini zikiwaka mlango ukiwa wazi hakuna la ajabu. Ndiyo sababu hakuna mtu aliyezishuku. Je, mlango ukifungwa? Nani ataona, na mpira umeziba kila upenyo? Nilichukua simu ya kijana mmoja, nikaiacha humo ndani ikipiga picha za sinema, tukafunga mlango na kuhesabu mpaka 50. Tulipoitazama, taa zilikuwa zinawaka gizani muda wote. Kile kidude kinachobonyezwa na mlango kilikuwa kimepindwa na sanduku la mzigo. Mlango haukukifikia tena.

Sasa tazameni jinsi hesabu inavyosema. Usiku wa saa 12, kwa ampea 1.7, ni ampea-saa 20. Hiyo ni theluthi ya betri, na asubuhi gari huwaka kwa shida. Lakini kutoka Jumamosi saa saba mchana hata Jumatatu saa moja asubuhi ni saa 42, nazo ni ampea-saa 71. Betri ile ni ya 60. Ilikuwa inakauka kila wiki, na betri ya kuwashia gari ikikaushwa mara nyingi hivyo hufa kabla ya wakati wake. Haba na haba hujaza kibaba, na ndivyo kibaba kinavyokwisha pia.

Basi shemeji akapeleka ukurasa ule wa daftari kwa mwakilishi wa wafanyakazi wa pale kwao, nao wawili wakaingia ofisini. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, inamruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa hasara ya mali yake, lakini ni hasara iliyoletwa na kosa la makusudi la mfanyakazi. Kidude kilichopindwa na mzigo si makusudi ya dereva. Makato yakasimamishwa, na fedha za betri ya pili zikarudishwa. Za betri ya kwanza bado anazidai, kwa sababu betri ile ilitupwa bila kupimwa, wala hakuna aliyeandika lolote. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Kama mngeniita miezi mitano mbele, ningekuja na mita ile ile.

Kwa hiyo, ndugu wanachama, nawaomba mambo matatu. Mkiambiwa mmeharibu kitu, ombeni kipimwe kabla hakijatupwa. Pili, andikeni hesabu, tarehe na saa, na mtu wa pili atie sahihi. Tatu, yule mwenye mita asiifiche sandukuni wakati jirani yake anakatwa mshahara. Mita yangu iko karakanani, na mwenye haja anikute wakati wa chakula cha mchana. Betri yenyewe usininunulie mpya kwanza, niletee gari.