Kwaya ya Alfajiri Iliyo Juu Yetu



Ukimaliza daku kesho, toka nje kidogo utege sikio. Utasikia jogoo, kisha ndege wakianza kulia. Sasa wajua kuwa maelfu ya kilomita juu kuna "ndege" wengine wanaolia alfajiri, nao hawana mbawa?

Dunia yetu ni sumaku kubwa. Sumaku hiyo imenasa elektroni na protoni nyingi, zikawa mikanda ya mnururisho iliyoizunguka dunia. Mikanda hiyo iligunduliwa na James Van Allen wa Marekani mwaka 1958. Elektroni zikimiminika kutoka upande wa usiku hukata kuelekea mashariki, na zikifika upande wa alfajiri huzaa mawimbi ya redio. Si sauti, maana huko hakuna hewa ya kuibeba. Lakini mtetemo wake ni wa kiwango kile kile sikio linachopokea. Yapitishe kwenye spika, yatalia chwi-chwi-chwi! Ndiyo maana wataalamu wakayaita kwaya ya alfajiri.

Radi nayo ina lake. Ikipiga, baadhi ya mawimbi yake hupanda juu, yakafuata njia za sumaku hadi upande wa pili wa dunia. Ya mtetemo wa juu hutangulia, ya chini yakafuata, ikawa mbinja inayoshuka: fyuuu! Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Wajerumani waliokuwa wakidukiza simu za adui waliisikia. Chanzo chake kikaja kuelezwa vizuri na L. R. O. Storey mwaka 1953.

Mtauliza, mbona sisi Pwani hatuisikii kwaya hiyo? Chimbuko lake liko juu ya ikweta, mbali sana, na njia za sumaku zipitazo huko hushukia ardhini mbali kaskazini na kusini. Anayeitaka hapo chimbukoni sharti apande.

Na walipandia kwetu! Tarehe 15 Novemba 1971, setilaiti ya Explorer 45 ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini hapo Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Ilikuwa na kilo 50 hivi, ikafika kiasi cha kilomita 27,000 juu, ikanasa mawimbi hayo pamoja na elektroni ziyazaazo.

Si mchezo huu. Setilaiti mbili za NASA, Van Allen Probes, zilizorushwa mwaka 2012, zilionyesha kwamba kwaya hiyo huzipa elektroni mbio zinazokaribia za mwanga. Elektroni hizo hupenya setilaiti zikaharibu mitambo, na hizo ndizo zinazotuletea televisheni na kutuonyesha njia. Ajabu ni kuwa mawimbi hayo hayo huzimwaga elektroni nyingine hewani, zikapotea. Yanajenga, yanabomoa.

Wangapi tumepita Ngomeni, tukaambiwa "pale palirushwa roketi", tukaendelea na safari yetu? Kijana, ile fizikia unayoikimbia darasani ilifanyiwa kazi mlangoni kwako. Wageni walikuja kusikiliza. Wewe je, hutaki hata kuuliza walisikia nini?